Wavuvi wa Maneno ya Siri

Mtu asimamaye ufukoni Iringo, mjini Musoma, usiku usio na mwezi, huona mbali ziwani safu ya taa, kana kwamba mji mwingine umejengwa juu ya maji. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Kazi yake ni ile ile. Mvuvi huiweka taa yake ielee juu ya maji, naye hungoja kimya. Dagaa hawafukuzwi wala hawatishwi. Huiona nuru wakaja wenyewe, mmoja baada ya mmoja, hata wakawa wengi mno; ndipo wavu unapozungushwa na kuvutwa. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi hukaa nyumbani, maana kukiwa na nuru kila mahali, dagaa hawana haja ya kuikimbilia taa moja.

Uko wizi wa siku hizi uliopewa jina la uvuvi, na jina hilo limeufaa sana. Katikati ya miaka ya 1990, huko Marekani, watu wengi walikuwa wakiingia katika intaneti kwa njia ya kampuni iitwayo America Online. Kila mteja alikuwa na jina lake na neno lake la siri. Basi wezi wakaanza kuwaandikia wateja hao, wakijifanya watumishi wa kampuni. Walisema kwamba pana kasoro katika hesabu, kwa hiyo mteja alete neno lake la siri upesi ili ipate kutengenezwa. Wengi walilileta. Wezi wenyewe wakaiita kazi yao kuvua, wakabadili herufi ya kwanza ya neno hilo la Kiingereza kwa mzaha, na jina likabaki mpaka leo. Kampuni ikalazimika kuwaonya wateja wake kwamba hakuna mtumishi wake hata mmoja atakayewauliza neno la siri. Miaka kama 30 imepita tangu hapo. Simu zimebadilika, kampuni zimebadilika, lakini onyo hilo halikuhitaji kubadilishwa.

Wavuvi hawa hawawatafuti matajiri peke yao. Siku hizi huwavua watoto na vijana wachezao michezo ya simu. Mzee asiyecheza aweza kucheka na kuuliza, "Katika mchezo mna nini cha kuibwa?" Mna kitu. Mchezo uitwao Free Fire, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Garena ya Singapore, huchezwa na vijana wengi Tanzania. Wachezaji 50 hushuka kwa miavuli katika kisiwa, wakapigana mpaka abaki mmoja, na mambo yote huisha kwa muda wa kama dakika 10. Humo mna mavazi na mapambo ya silaha yanunuliwayo kwa almasi, na almasi hizo hununuliwa kwa fedha iliyo fedha kweli. Katika Roblox, ulio kama uwanja mmoja wenye michezo mingi, fedha yake huitwa Robux. Basi mtu aliyecheza miaka miwili ana mali aliyoilimbika humo, tena ana cheo alichokipata kwa kukesha. Mwizi akiipata akaunti hiyo aweza kumwuzia mtu mwingine.

Tena liko jambo kubwa kuliko hilo. Akaunti ya mchezo mara nyingi hufunguliwa kwa ufunguo wa nyumba nyingine, yaani Facebook au Google. Aupataye ufunguo huo haishii mchezoni. Huingia katika barua, na picha, na majina ya jamaa na wateja wa mwenye simu. Hapo habari ya mchezo imekwisha kuwa habari ya ukoo mzima.

Palikuwa na kijana wa darasa la saba, mkazi wa Iringo. Mama yake alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alfajiri alikwenda mwaloni akanunua kwa ndoo, akawaanika, akawapepeta, kisha akawapakia kwa wateja wake wa Bunda na Butiama. Nyumbani mwao simu janja ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya mama. Mchana simu hiyo ilikuwa duka na benki, maana wateja walilipa kwa simu. Jioni, kijana akiisha kuosha vyombo na kumaliza hesabu zake, aliruhusiwa kuicheza saa moja, kama bando lilikuwapo. Alikuwa amejiandikisha katika Free Fire kwa Facebook ya mama yake, kwa idhini yake. Neno la siri la Facebook hiyo alilitunga yeye mwenyewe, kwa kuwa mama hakupenda kusumbuka na mambo ya namna hiyo. Na namba ya siri ya fedha alikuwa akiijua, maana mara nyingi mama aliye na mikono yenye magamba ya samaki humtuma mwanawe amlipie mtu.

Jioni moja ya mwezi Aprili mawingu yalikusanyika juu ya ziwa. Mama alikuwa uani akiwakusanya dagaa wasije wakanyeshewa, maana dagaa walionyeshewa mara mbili huoza, na mtaji huenda nao. Kijana alikuwa ndani na simu. Katika kundi la WhatsApp la wachezaji wenzake ukaja ujumbe wa kusema kwamba kampuni ya mchezo inagawa almasi 5,000 bure, na kwamba anayetaka afungue kiungo kilichoandikwa chini. Mtumaji alikuwa rafiki yake wa kweli, waliyeketi naye dawati moja. Kijana akaona, "Kama ni yeye, hapana hatari." Akafungua.

Ukurasa uliofunguka ulikuwa mzuri kuutazama. Palikuwa na picha za mchezo, zile zile azijuazo. Palikuwa na rundo la almasi. Palikuwa na majina ya watu waliodaiwa kupokea zawadi zao dakika ile. Na juu kabisa palikuwa na saa iliyohesabu kurudi nyuma, dakika 9 na sekunde 40, dakika 9 na sekunde 39. Kijana akaona moyo ukimwenda mbio. Ukurasa ukamtaka aingie kwa Facebook ili ajulikane yeye ni nani. Akaandika namba ya simu ya mama yake na neno la siri. Punde simu ikapokea ujumbe wenye tarakimu sita, uliosema kwamba namba hiyo asipewe mtu yeyote. Ukurasa ukamwomba tarakimu hizo. Akaziandika. Kisha ukamwambia kwamba zawadi ni tayari, imebaki hatua moja tu: aupeleke ujumbe huo kwa watu 10. Akaupeleka kwa watu 10, akiwachagua wale awapendao zaidi, ili nao wapate.

Saa ikafika sufuri. Almasi hazikuja. Baada ya muda mchezo wenyewe ukamtoa nje, na alipojaribu kurudi, neno lake la siri likakataliwa.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kuuliza: mwizi huyu aliingiaje? Hakuvunja kitu. Ukurasa ule haukuwa wa Garena wala wa Facebook. Ulikuwa picha ya mlango iliyochorwa ukutani, na nyuma ya ukuta aliketi mtu aliyeandika kila neno lililotiwa humo. Neno la siri alipolipata, alikwenda upesi kwenye Facebook ya kweli akaligonga. Facebook ikashuku kwa kuwa ni simu ngeni, ikatuma tarakimu sita kwa mwenye namba, ili ihakikishe kwamba ni yeye. Tarakimu zile zilikuwa askari wa mwisho mlangoni, na kijana akamwondoa kwa mkono wake mwenyewe. Na saa ile ya kuhesabu haikuwa na kazi nyingine ila kumnyima nafasi ya kumwita mama yake aliyekuwa hatua kumi tu kutoka alipo.

Rafiki yake je, alikuwa mwizi? La. Alikuwa amedanganywa saa moja kabla yake, naye alikuwa bado anazingojea almasi zake. Ukurasa ulimwagiza awapelekee watu 10, akafanya hivyo kwa nia njema. Ndiyo sababu mtu hawezi kusema, "Ujumbe huu ni wa kweli, maana umetoka kwa fulani." Fulani ni wa kweli; ujumbe ni habari nyingine. Wachezaji wakubwa wasiojali hupenda kusema kwamba wanaodanganyika ni wajinga. Si kweli. Wamedanganyika watu wenye shahada na mahakimu na wahasibu. Mtu hushikwa pale anapotaka kitu sana na kuambiwa afanye haraka, na kila mtu anacho kitu akitakacho sana.

Ilikuwapo alama moja ambayo kijana angeweza kuiona kama angejua kuisoma, nayo ni anwani ya ukurasa, ile iliyoandikwa juu kabisa ya kioo. Katika nchi ya Mara mtu akitajwa kwa ukamilifu hutajwa kwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Atakaye kujua ukoo hutazama mwisho wa jina, hatazami mwanzo. Anwani ya intaneti husomwa vivyo hivyo. Ukoo wake uko mwishoni, kabla tu ya alama ya mkwaju ifuatayo jina. Anwani isemayo m.facebook.com ni mtoto wa nyumba ya facebook.com. Lakini anwani inayoanza kwa facebook.com, kisha ikaendelea kwa nukta na maneno mengine kama zawadi, au bure, au almasi, ni mtoto wa hayo maneno ya mwisho. Mtu yeyote aweza kumpa mwanawe jina la mtu mkubwa, wala mtoto hawi wa ukoo huo. Wengine hubadili herufi moja tu, wakatia sufuri mahali pa o. Na ile picha ya kufuli iliyo kando ya anwani huwapotosha wengi. Kufuli huonyesha kwamba maneno yamefunikwa yanaposafiri njiani. Haliwezi kusema ayapokeaye ni nani, na mwizi pia aweza kuwa na kufuli. Zamani watu waliambiwa wautambue udanganyifu kwa lugha yake mbovu. Alama hiyo sasa imechakaa, maana ziko programu za kompyuta ziandikazo Kiswahili safi kwa yeyote azitumiaye, mwema au mwovu.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutokifuata kiungo kabisa. Kama kampuni inagawa zawadi, tangazo lake litakuwamo ndani ya mchezo wenyewe, unapofunguliwa kwa njia ya kila siku. Na habari ya kurasa zinazosema kwamba zatengeneza Robux au almasi bure haihitaji kuchunguzwa. Fedha ya mchezo iko katika vitabu vya kampuni, wala hakuna mgeni awezaye kuiandika humo kutoka nje.

Kijana wetu hakuyajua hayo. Aliketi na simu mkononi, akijaribu neno lile lile mara ya tatu na ya nne. Mvua ikaanza. Ndipo simu ikalia. Namba ilikuwa ngeni, lakini sauti ilikuwa ya upole, ya mtu mzima.

"Habari za jioni, mdogo wangu. Hapa ni huduma kwa wachezaji. Tumeona akaunti yako imeingiliwa na wezi. Tunataka kukurudishia sasa hivi."

Kijana karibu alie kwa furaha. Hakujiuliza mtu huyo aliipataje namba ya simu. Kumbe aliiandika yeye mwenyewe katika ukurasa ule, badala ya jina.

"Je, mzazi wako yupo karibu?"

"Yupo nje."

"Usimsumbue. Mambo haya wazazi hawayaelewi, watakugombeza bure. Tutamaliza sisi wawili. Usikate simu. Iweke kwa sauti ya juu, ufuate ninavyokuelekeza."

Akamwagiza kwanza afungue menyu ya fedha atazame salio, ili ihakikishwe kwamba simu ni yake. Kijana akasoma, "Shilingi 184,500." Ilikuwa fedha ya dagaa wa Alhamisi. Sauti ikasema, "Vizuri sana. Sasa chagua kutuma. Andika namba hii, ni namba ya idara yetu ya uhakiki." Kijana akaandika. "Sasa itakuuliza kiasi. Pale usiandike fedha. Pale utaandika namba yako ya uhakiki, nayo ni moja, nane, sufuri, sufuri, sufuri, sufuri."

Kijana akaandika tarakimu moja moja kama alivyosomewa. Menyu ikamwonyesha sentensi moja na kumtaka athibitishe kwa namba ya siri: kutuma shilingi 180,000 kwa mtu, na jina la mtu huyo likaandikwa, majina mawili. Akatazama. Namba ya uhakiki iliyosomwa tarakimu moja moja ilikuwa imejikusanya ikawa laki moja na themanini elfu. Salio lilikuwa laki moja, themanini na nne elfu na mia tano. Alikuwa hodari wa hesabu za kutoa, akatoa kichwani: zingebaki 4,500. Wala hakupata kusikia idara yenye jina la mtu.

"Umeweka namba ya siri?" sauti ikauliza, na upole wake ulikuwa umepungua. "Fanya upesi, akaunti inafutwa!"

Kijana akakata simu. Ikalia tena. Akaikata. Ikalia mara ya tatu, akaiacha ilie juu ya meza, akatoka mvuani.

Mama yake alikuwa amebeba turubai lenye dagaa. Kijana akashika upande mmoja, wakaliingiza ndani, ndipo akasema, "Mama, nimefanya jambo baya." Huo ndio ulikuwa wakati mgumu kuliko yote ya jioni ile. Mwizi aliujua vema, ndiyo maana alianza kwa kuuliza kama mzazi yupo karibu. Aibu ni mlinzi wa mwizi. Mtoto anyamazaye usiku mmoja humpa mwizi usiku mzima wa kufanya kazi yake, na mzazi apigaye kabla ya kusikiliza humfundisha mtoto kunyamaza mara ya pili.

Mama akaitazama simu ikilia, akamtazama mwanawe. Akasema, "Niambie yote tangu mwanzo, mwanangu. Usinifiche hata neno. Kugombana tutagombana kesho."

Alipokwisha kusikia hakupoteza muda. Yeye hakuujua mchezo, lakini wadanganyifu wa simu aliwajua. Kila mchuuzi wa Tanzania amepata kuletewa ujumbe wa mtu asiyemfahamu asemaye ile hela itumwe kwenye namba hii, kana kwamba walikuwa na mazungumzo yao. Na wako waliopigiwa simu na mtu ajifanyaye mwalimu, akisema kwamba mtoto amezidiwa shuleni na zatakiwa fedha za matibabu upesi. Akapiga namba 100, ambayo ndiyo ya huduma kwa wateja katika kampuni za simu nchini. Watumishi wa kampuni hizo nao huwapigia wateja kwa namba hiyo hiyo, hawatumii namba za kawaida. Akaeleza. Akabadili namba ya siri ya fedha usiku ule ule, na mwanawe akageuza uso wake asiione. Laiti kijana angethibitisha, ingebidi kupiga simu hiyo kwa haraka kubwa zaidi, maana fedha iliyokwisha kutolewa kwa wakala ni shida kuirudisha.

Ikabaki Facebook. Mwizi alikuwa amekwisha kubadili neno la siri, na kabla ya saa tatu za usiku mteja mmoja wa Bunda akapiga simu. "Mama, pole na msiba. Hiyo elfu hamsini unayoiomba niitume kwa namba hii mpya?" Msiba haukuwapo. Mwizi alikuwa akiandika kwa jina la mama na picha yake, akiwaomba wateja wake mmoja mmoja. Mama akaketi chini. Hilo lilimwuma kuliko habari ya salio, kwa kuwa jina lake ndilo lililomwezesha kupakia dagaa jioni na kulipwa asubuhi bila hati wala shahidi. Akaanza kuwapigia wote, kwa sauti yake mwenyewe, mpaka vocha ikaisha. Jirani akampa simu yake akaendelea.

Asubuhi kijana akamwendea mwalimu wake kabla ya kengele, akamweleza. Mwalimu akafungua facebook.com/hacked, ambao ni ukurasa wa Facebook yenyewe kwa ajili ya walioibiwa, wakafuata maelekezo yake. Kwa kuwa namba ya simu ya mama ilikuwa bado imo katika akaunti, waliweza kuirudisha. Wakaweka neno jipya la siri, refu, lisilotumika mahali pengine popote. Wakazitoa simu zote ngeni zilizoonekana humo. Wakawasha uthibitisho wa hatua mbili. Ujumbe wa mwizi, pamoja na namba yake, wakautuma kwenda 15040, ambayo ni namba ya bure iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ili wananchi wataarifu habari za namba za wadanganyifu. Mama naye akabonyeza *106# ili aone kama pana laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Haikuwapo ila ya kwake. Kisha akaenda kituo cha polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huhesabu kuwa ni kosa kuingia katika kompyuta au simu ya mtu bila haki, na pia kujifanya mtu mwingine kwa njia hizo.

Akaunti ya mchezo walipoifungua ilikuwa imefungiwa na kampuni. Mwizi alikuwa ameitumia kwa udanganyifu usiku kucha, na kampuni haikujua kwamba aliyekuwa akicheza si mwenyewe. Kijana akaandika barua ya kueleza. Mpaka shule zilipofungwa mwezi Juni, jibu halikuwa limekuja. Miaka miwili ya mchezo ilikuwa ndani ya akaunti ile, na mavazi yote.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Siku ile ya kwanza, shule ilipotoka, kijana alikuwa na kazi nyingine. Walikuwako watu 10 aliowapelekea kiungo kwa mkono wake. Kwanza alifikiri kuwaandikia katika kundi, kisha akakumbuka kwamba wamezoea kuona maneno yake humo, na maneno yake ndiyo yaliyowapotosha. Akaazimu kwenda kwa miguu. Wanne walikuwa wa Iringo hapo hapo. Wawili kati yao hawakuwa wamekifungua. Mmoja alikifungua akaishiwa bando kabla picha hazijatokea, na tangu siku hiyo amekuwa akilisifu bando lake. Wa nne alicheka akasema kwamba yeye hawezi kudanganywa. Kijana akamwomba ajaribu kuingia katika mchezo wake, naye alipojaribu akaacha kucheka.

Akaenda Mwigobero, akaenda Nyasho. Mmoja alikuwa Bunda kwa shangazi yake. Huyo alipigiwa simu na mama, akamwambia shangazi kwanza. Jua lilikuwa linatua alipofika Mwisenge, kwa wa 10, msichana wa darasa la sita aliyechezea simu ya kaka yake. Akamkuta ameketi kizingitini, simu mkononi, ukurasa ule ule umefunguka, saa ikihesabu kurudi nyuma. Namba ya simu ilikuwa imekwisha kuandikwa. Neno la siri lilikuwa limeandikwa nusu.

"Zimebaki dakika mbili," akasema msichana bila kuinua macho. "Ningoje kwanza."

"Kaka yako yuko wapi?"

"Ndani."

"Mwite," akasema kijana, akaketi kando yake.

Msichana akasita, kisha akaita. Kaka akatoka akifuta mikono, nao watatu wakaitazama saa ile mpaka ikafika sufuri. Ilipofika sufuri ikaanza upya, dakika 9 na sekunde 59.